Dini, Vyama vya Siasa, na Haki ya Walio Wachache: Somo Kutoka Bara Hindi

(Hotuba iliyosomwa na Kamati ya Masomo mbele ya mkutano wa wanachama)



Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano uliopita, baada ya shughuli za ada na hesabu kwisha, mwenzetu mmoja alisimama akauliza swali lililonyamazisha chumba chote. Alisema: "Ikiwa watu wa dini fulani ni wachache katika nchi, nao waona ya kuwa hawapati sehemu yao ya shule na ya kazi, je, kuna kosa gani wakijifanyia chama chao cha siasa ili wajisemee wenyewe?" Wengine walipiga makofi, wengine wakaguna. Kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha, Bwana Rais alituagiza sisi wa Kamati ya Masomo tulipime jambo hilo na kuleta jibu leo.

Sisi tulioagizwa si watu wa dini moja. Tulikaa jioni nyingi, tukabishana, na mara mbili tulikwenda zetu bila kuagana vizuri. Yale tuliyokubaliana tutawaambia, na yale tusiyokubaliana tutawaambia vile vile, kwani si uungwana kuficha ubishi ulio wa kweli.

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini tumekwenda kutafuta mfano mbali. Katika nchi zetu jambo hili halikupata kujaribiwa sawasawa, kwa kuwa sheria imelifungia mlango. Katika Tanzania, Katiba yenyewe na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 zakataza kuandikishwa chama chenye nia ya kuendeleza watu wa dini moja. Katika Kenya, mwaka huo huo wa 1992, chama cha Waislamu kilichotaka kuandikishwa kilikataliwa, na baadaye Katiba ya mwaka 2010 ikasema wazi ya kuwa chama kisijengwe juu ya msingi wa dini. Basi sisi twajua khabari za mlango uliofungwa. Kama twataka kujua yaliyomo chumbani, hatuna budi kuwauliza walioingia.

Bara Hindi waliingia. Tena nchi hiyo si ngeni kwetu. Majahazi ya Malabar yalifika pwani yetu kwa pepo za kaskazi tangu zamani zisizojulikana. Nyumba nyingi za pwani ziliezekwa kwa vigae vya Mangalore. Na masharifu wa Hadhramaut waliokuja Lamu na Unguja wana ndugu zao waliokwenda Malabar. Kwa hiyo tutakayoyasema ni khabari za majirani wa ng'ambo ya bahari.

MWANZO WA MAMBO

Mwaka 1906 viongozi wa Kiislamu wa Bara Hindi walikutana katika mji wa Dhaka wakaanzisha chama cha Muslim League. Mwaka 1909 Serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya mabaraza, na ndani ya sheria hiyo Waislamu walipewa viti vyao, na wapiga kura wa viti hivyo walikuwa Waislamu peke yao. Sheria hiyo ilikusudiwa, kwa maneno yake, kuwalinda walio wachache. Walakini tuangalie jinsi ilivyofanya kazi.

Mtu akitaka kiti cha namna hiyo, haimlazimu kumwendea jirani wa dini nyingine hata siku moja. Kura zake zote zatoka kwa watu wa dini yake. Basi atakayeshinda si lazima awe yule ajuaye kupatana na jirani, bali aweza kuwa yule apigaye kelele zaidi ya kuwa jirani ni adui. Na upande wa pili, yule Mhindu agombeaye kiti cha wengine naye hana haja kubwa ya kumpendeza Mwislamu. Hivyo ukuta uliojengwa kuwa kinga uligeuka kuwa mpaka. Hatusemi ya kuwa sheria hiyo peke yake ndiyo iliyoigawa nchi. Sababu zilikuwa nyingi, na makosa yalikuwa ya pande zote. Lakini nchi iligawanyika mwezi wa Agosti 1947, ikawa India na Pakistan, na watu zaidi ya milioni 10 wakahama makwao, na waliouawa njiani na majumbani walikuwa wengi mno.

Wenzetu, mfano huo nasi tuliugusa. Katika uchaguzi wa mwaka 1952 huko Kenya, viti vya Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa, vingine vya Waislamu na vingine vya wasio Waislamu, kila watu na kura zao. Mwafrika wakati huo hakuwa na kura hata moja, ya pamoja wala ya peke yake.

KATIBA YA 1950

Baada ya msiba ule, wakuu wa India walikaa kuandika Katiba. Mwenyekiti wa kamati iliyoiandika alikuwa Dr. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka la wale walioitwa wasioguswa. Alijua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kuwa mnyonge katikati ya wengi. Alionya ya kuwa ni wajibu wa walio wengi kutambua ya kwamba haiwapasi kuwabagua walio wachache. Na ya kuwa siku watakapoacha kubagua, walio wachache hawatakuwa na sababu ya kujitenga.

Katiba ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Viti na kura za kutengwa kwa ajili ya dini vikaondolewa. Badala yake kila mtu akapewa uhuru wa kushika dini yake, na walio wachache wa dini au wa lugha wakapewa haki ya kuanzisha shule zao na kuziendesha wenyewe. Dola yenyewe haikuchukua dini. Neno lenyewe la kutokuwa na dini halikuandikwa katika utangulizi wa Katiba hata mwaka 1976, lakini mwaka 1994 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua, katika shauri la S. R. Bommai, ya kuwa jambo hilo ni katika nguzo zenyewe za Katiba.

Sasa sikilizeni vizuri. Katiba hiyo haikuvikataza vyama vya watu wa dini. Ilichokataza sheria ya uchaguzi ya mwaka 1951 ni mgombea kuomba kura kwa ajili ya dini. Akifanya hivyo, uchaguzi wake waweza kubatilishwa. Na tangu mwaka 1989 chama kinachotaka kuandikishwa hakina budi kukiri ya kuwa kitaishika Katiba na msingi huo wa dola isiyo na dini. Kwa hiyo katika nchi moja mmekuwako, kwa miaka zaidi ya 70, chama cha walio wachache, chama cha walio wengi, na chama kisemacho hakina dini. Tumevipima vyote vitatu, na mizani yetu ni hii tu: je, mtoto wa mnyonge amepata shule, kazi, na usalama?

CHAMA CHA WALIO WACHACHE

Mwezi wa Machi 1948, katika mji wa Madras, Waislamu waliobaki India walianzisha upya chama chao kwa jina la Indian Union Muslim League, na kiongozi wake alikuwa Bwana Muhammad Ismail. Wengi waliwacheka. Walisema, Waislamu wamekwisha kupata nchi yao, hawa wataka nini tena? Bwana Ismail aliomba katika Baraza la Katiba ya kuwa kura za kutengwa zibaki, na akashindwa. Naam, twaona ya kuwa kushindwa huko kulikuwa bahati yake.

Kwani baada ya hapo chama hicho kililazimika kugombea katika kura za pamoja. Katika jimbo la Kerala Waislamu ni kama robo ya watu. Wamekaa kwa wingi upande wa Malabar, lakini peke yao hawawezi kutawala jimbo. Basi viongozi wao wakajifunza kazi ya kukaa meza moja na Wahindu na Wakristo. Mwaka 1967 waliingia katika serikali iliyoongozwa na E. M. S. Namboodiripad, mkomunisti. Hawakuomba serikali ihubiri dini yao. Mtu wao, C. H. Mohammed Koya, alichukua kazi ya elimu. Mwaka 1968 chuo kikuu kikafunguliwa Calicut, katika upande wa jimbo uliokuwa nyuma, na milango yake ikawa wazi kwa watu wa dini zote. Mwaka 1969 wilaya mpya ya Malappuram ikaundwa. Wapinzani walisema wilaya hiyo itakuwa Pakistan ndogo. Miaka mingi imepita, na wilaya hiyo ni wilaya tu, yenye ofisi, na makarani, na majalada yanayochelewa kama yetu. Mwaka 1979 Bwana Koya alikuwa Waziri Mkuu wa jimbo kwa muda usiotimia miezi 2.

Tena mwaka 1992, msikiti wa Babri ulipobomolewa na umati wa watu katika mji wa Ayodhya tarehe 6 Desemba, na miji mingi ya India ikamwaga damu, viongozi wa chama hicho katika Kerala waliwasihi watu wao watulie, wala hawakuvunja ushirika wao na chama cha Congress. Baadhi ya wenzao waliona huo ni unyonge, wakatoka mwaka 1994 wakaanzisha chama chao. Walakini utulivu wa Kerala siku zile wasifiwa hata leo.

Hayo ni mazuri. Sasa tuseme na upande wa pili, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nasi hatutaki kuivuta.

Mwaka 1985 Mahakama Kuu kabisa iliamua shauri la Bibi Shah Bano, mwanamke mzee wa mji wa Indore aliyepewa talaka baada ya ndoa ya miaka mingi. Mahakama ilithibitisha ya kuwa mumewe ampe matunzo ya rupia 179.20 kwa mwezi, chini ya sheria ya nchi inayowahusu watu wa dini zote. Wanachuoni wengi walikasirika, wakisema mahakama imeingia katika sheria ya Kiislamu, ambayo kwa fahamu yao matunzo hukoma eda ikiisha. Mbunge wa chama hicho cha League alikuwa katika mstari wa mbele kutaka sheria ibadilishwe. Serikali ya Congress ikaogopa kura, na mwaka 1986 ikatunga sheria mpya iliyowatoa wanawake wa Kiislamu waliotalikiwa katika njia ile ya kawaida ya kudai matunzo. Mwaka huo huo kufuli la msikiti wa Babri lilifunguliwa kwa amri ya hakimu ili Wahindu waabudu ndani, na wengi waliona ya kuwa upande mmoja umepewa hiki na upande mwingine umepewa kile, kama wagawavyo nyama. Mwaka 2001 Mahakama iliifasiri sheria ile kwa njia iliyowarudishia wanawake sehemu kubwa ya haki yao, kwa kusema mume sharti atoe, ndani ya eda, fungu la kumtosha mke kwa siku za baadaye.

Somo letu hapa ni hili. Chama kikisema, "Sisi ndio sauti ya walio wachache," yatupasa kuuliza, ni sauti ya nani ndani yao? Kwani ndani ya walio wachache wamo wachache wengine: mwanamke, maskini, mtu wa tabaka la chini. Rupia 179 ni kidogo sana, lakini kwa yule bibi zilikuwa chakula.

CHAMA CHA WALIO WENGI

Mwaka 1951 kulianzishwa chama cha Jana Sangh, na kutoka katika mizizi yake mwaka 1980 kikatokea chama cha Bharatiya Janata Party. Katika uchaguzi wa mwaka 1984 kilipata viti 2 tu katika Bunge la India. Baadaye kilishika jambo la Ayodhya, kikidai hekalu lijengwe mahali pa ule msikiti, na mwaka 1989 kikapata viti 85. Mwaka 2014 kilipata 282, mwaka 2019 kikapata 303, na mwaka 2024 kikapata 240, katika viti 543. Mwaka 2019 Mahakama ilitoa ardhi ile kwa Wahindu, ikisema pia ya kuwa kubomolewa kwa msikiti kulikuwa kuvunja sheria, na ikaamuru Waislamu wapewe ardhi mahali pengine. Hekalu likafunguliwa mwezi wa Januari 2024.

Wafuasi wa chama hicho wasema ya kuwa si chama cha dini, bali cha taifa na utamaduni wake, na ya kuwa nyumba na mitungi ya gesi wanayogawia maskini yafika kwa watu wa dini zote. Twalisema neno lao, kwa kuwa ni haki lisemwe. Lakini mizani yaonyesha ya kuwa katika uchaguzi wa 2014, na 2019, na 2024, hapana Mwislamu hata mmoja aliyeingia katika Bunge hilo kwa jina la chama chao, na Waislamu ni zaidi ya watu 14 katika kila mia. Na sheria ya uraia ya mwaka 2019, iliyowafungulia njia waliokimbia kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, ilitaja dini sita, na Uislamu haumo.

Hapo ndipo Kamati yetu ilipoona jambo ambalo mwanzoni hatukuliona. Tulikuwa twasema "chama cha dini" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Chama cha watu 14 katika mia, kikikusanya watu wake wote bila kubakiza, bado hakiwezi kutawala. Hakina budi kumwendea jirani, na kumwendea jirani kwakifunza adabu. Chama cha watu 80 katika mia kikikusanya nusu tu na kidogo ya watu wake, chaweza kutawala bila kumwendea jirani hata mara moja. Waswahili husema, wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Naam, lakini mithali hiyo yatuonya sisi vile vile: wengi waweza kuchukua, basi ni juu ya sheria kuweka mahali ambapo hata wengi hawachukui.

CHAMA KISEMACHO HAKINA DINI

Baadhi yetu walidhani ya kuwa jibu limekwisha kupatikana: chagua chama kisicho na dini, mambo yatatengemaa. Walakini khabari za India zilitukatalia.

Mwaka 1984, baada ya jeshi kuingia katika Hekalu la Dhahabu la Makalasinga mjini Amritsar mwezi wa Juni, Bibi Indira Gandhi, Waziri Mkuu, aliuawa tarehe 31 Oktoba na walinzi wake wawili Makalasinga. Siku zilizofuata, katika mji wa Delhi peke yake, Makalasinga zaidi ya 2,700 waliuawa kwa hesabu ya Serikali yenyewe. Na Serikali iliyokuwako ilikuwa ya Congress, chama kilichojisifu kuwa si cha dini yo yote. Mwaka 2005 Dr. Manmohan Singh, yeye mwenyewe Kalasinga na Waziri Mkuu wa chama hicho hicho, alisimama Bungeni akaomba radhi.

Tena ni huyo Dr. Manmohan Singh aliyeunda, mwaka 2005, kamati chini ya Jaji Rajinder Sachar ichunguze hali ya Waislamu wa India. Taarifa yake ya mwaka 2006 ilikuwa kama kioo. Wakati huo Waislamu walikuwa watu 13.4 katika kila mia, lakini katika utumishi mkuu wa utawala walikuwa 3 tu katika kila mia, na katika utumishi wa nchi za kigeni hawakufika hata 2. Sisi tulio watumishi wa Serikali tuliisoma sehemu hiyo mara mbili.

Na katika majimbo? West Bengal ilitawaliwa na vyama vya wakomunisti tangu mwaka 1977, watu wasiotaja dini katika siasa, na kwa kweli waliwalinda Waislamu wasipigwe. Lakini Waislamu walipokuwa robo ya watu wa jimbo, katika kazi za serikali ya jimbo hesabu iliyopelekwa kwa Jaji Sachar ilionyesha kama 2 tu katika kila mia. Katika Kerala, ambako walikuwa karibu robo vile vile, walikuwa kama 10 katika kila mia. Waislamu waliojua kusoma, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2001, walikuwa zaidi ya 89 katika mia Kerala, na zaidi kidogo ya 57 West Bengal.

Msidhani ya kuwa tofauti hiyo yote ni kazi ya League. Kerala ilitangulia kwa shule tangu siku za wafalme wake na wamisionari. Sehemu ya kazi zilizowekwa akiba kwa Waislamu ilianza kabla ya chama hicho kupata nguvu. Na fedha za waliokwenda kufanya kazi Ghuba ya Uajemi zilisomesha watoto wengi. Hata hivyo, katika Kerala alikuwako mtu mezani wa kuuliza, "Wetu wako wangapi?" Katika West Bengal kwa muda mrefu swali hilo halikuulizwa kwa nguvu, kwa kuwa kuuliza kulidhaniwa ni kuleta udini. Amani ya mwili walipewa. Nafasi mezani hawakupewa.

MEZA YA KARANI

Mabibi na Mabwana, baada ya kusafiri ng'ambo hiyo yote, tulijikuta tumerudi katika ofisi zetu wenyewe. Jaji Sachar alikuta ya kuwa Waislamu waliofika kwenye mtihani wa utumishi mkuu walifaulu karibu sawasawa na wengine. Upungufu mkubwa ulikuwa kwamba waliofika mlangoni walikuwa wachache. Na nani hukaa mlangoni? Si Waziri, wala si mbunge. Mlangoni hukaa karani.

Mmoja wetu katika Kamati alitupa ruhusa tuliseme jambo lake, bila jina. Alipokuwa karani kijana aliwekwa kupokea maombi ya kazi. Hakupokea rushwa hata senti moja, na hata leo ajisifia jambo hilo. Lakini watu wa nyumba yake ya ibada walipoleta barua zao, aliwaambia ni hati gani imepungua na siku ya mwisho ni lini. Wengine walipoleta barua zenye upungufu ule ule, alizipokea kwa adabu, akazipiga mhuri, akaziweka chini ya rundo, zikakataliwa kwa kuwa hazikutimia. Hakuvunja kanuni yo yote. Alitueleza haya akiangalia sakafu. Akasema ya kuwa yuko mtu mmoja ambaye mpaka leo hukutana naye sokoni, auza mkaa, na barua yake alizipiga mhuri kwa mkono huu.

Wenzetu, chama gani cha siasa kitamkinga muuza mkaa yule na karani wa namna hiyo? Kikiwa chama cha dini yake, kitamleta karani wake yeye, naye atafanya vivyo hivyo kwa watu wengine. Kikiwa chama kisicho na dini, hakitajua, kwa kuwa kanuni haikuvunjwa.

TULIYOKUBALIANA NA TUSIYOKUBALIANA

Tumekubaliana mambo manne. Kwanza, ya kuwa walio wachache wana haki ya kujisemea, na anayewaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja awataka walipie peke yao umoja wa watu wote. Pili, ya kuwa kura za pamoja ni bora kuliko kura za kutengwa, kwa sababu zamlazimisha kila agombeaye kumwendea jirani. Tatu, ya kuwa hatari ya chama cha walio wengi si sawa na hatari ya chama cha walio wachache, na mahakama na sheria ziwe imara zaidi upande ule wenye nguvu. Nne, ya kuwa usalama bila nafasi ya kazi na elimu ni nusu ya haki, na nusu ya haki hukumbukwa siku nyingi.

Tusiyokubaliana ni mawili. La kwanza: je, nchi zetu zilifanya vema kukataza vyama vya dini? Baadhi yetu wasema ndiyo. Sisi hatuna uzoefu wa miaka mingi wa kupigana kwa kura tu, na cheche ndogo huteketeza nyika. Wengine wasema katazo lafunga mdomo lakini haliondoi njaa, na manung'uniko yasiyopata mlango wa Bunge hutafuta dirisha jingine. La pili: je, Serikali ihesabu watumishi wake kwa dini zao? Wengine wasema jambo lisilohesabiwa haliponi, watazameni West Bengal. Wengine wasema hesabu ya namna hiyo itawafanya watu wajione wafuasi wa dini kabla ya kuwa raia. Hatukupatana, na tumeona afadhali kuwaachia ninyi mseme.

Lakini yapo tunayoweza kuyafanya kesho asubuhi bila kungoja Bunge. Twaomba mkutano huu ukubali ya kuwa matangazo ya nafasi za kazi yanayopita mikononi mwetu yabandikwe msikitini, kanisani, hekaluni na sokoni, siku moja. Twaomba kila karani anayepokea maombi amwambie kila mwombaji kwa maneno yale yale hati iliyopungua na siku ya mwisho. Twaomba zamu za siku kuu zipangwe ili Mkristo amshikie Mwislamu kazi siku ya Idi, na Mwislamu amshikie Mkristo siku ya Krismasi, na mwenye dini ya watu watatu tu ofisini asisahauliwe siku kuu yake. Na twaomba chumba hiki cha mkutano kisitumiwe kuombea kura kwa jina la dini yo yote, hata iwe ya wengi wetu.

Yule mwenzetu aliyeuliza swali yupo hapa, tumemwona ameketi nyuma. Bwana, jibu letu si ndiyo wala si hapana. Mahali ambapo makarani wote hupiga mhuri kwa haki, watu hawaoni haja kubwa ya chama cha namna hiyo. Na mahali wasipofanya hivyo, hapana sheria itakayowazuia watu kukitamani. Basi swali lako limerudi mezani petu, kila mtu na rundo lake.

Bwana Rais, twaomba sasa uwape wanachama nafasi ya kusema.